Nani Alitoa? Utoaji wa Kujinyima na Kanuni ya Kujitegemea katika Kanisa la Kianglikana la Buganda, 1890–1911

Ikisiri

Makala haya yanachunguza utoaji wa kujinyima katika Kanisa la Kianglikana la Buganda wakati wa uaskofu wa Alfred Tucker, kuanzia 1890 hadi 1911. Katika kipindi hicho kanisa hilo lilisifiwa kuwa kielelezo cha kanisa la Kiafrika linalojitegemea. Makala hayaipingi sifa hiyo, bali yanauliza mzigo wa kujitegemea ulibebwa na nani, kwa hiari ya kiasi gani, na mtoaji alipata kauli gani katika kanisa alilolijenga. Hoja kuu ni kwamba sehemu nzito ya sadaka ilitoka kwa walimu wa vijijini na wakulima wapangaji, ingawa majina yaliyovuma ni ya machifu na wamisionari; na kwamba kujitegemea kulipotenganishwa na kujitawala, sadaka ilianza kufanana na kodi.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii inakubaliana na msingi wa mafundisho ya Kikristo kuhusu utoaji. Katika Injili ya Luka, mjane aliyetia sarafu mbili hekaluni anahesabiwa kuwa ametoa kuliko matajiri, kwa sababu hakubakiwa na kitu. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, Paulo anayasifu makanisa ya Makedonia kwa kuwa yalichangia katikati ya umaskini wao. Katika mifano yote miwili, kipimo cha sadaka ni kile anachobaki nacho mtoaji baada ya kutoa.

Hata hivyo, mifano hiyo ina masharti mawili yasiyotajwa waziwazi. Kwanza, mtoaji ana uhuru wa kutotoa. Pili, anachokitoa ni chake. Mhubiri anaweza kuyachukulia masharti hayo kuwa yametimia na kuendelea na mahubiri yake. Mwanahistoria hana ruhusa hiyo. Anapokuta kanisa linalosifiwa kwa ukarimu, hana budi kuuliza ukarimu huo ulitoka mikononi mwa nani, na mikono hiyo ilikuwa huru kiasi gani.

Buganda inafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mbili. Ni mahali ambapo kanuni ya kujitegemea ilitekelezwa mapema na kwa msimamo mkali kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Aidha, historia yake imeandikwa kwa upana. Tucker mwenyewe aliacha kumbukumbu ndefu ya utumishi wake, iliyochapishwa 1908. John V. Taylor (1958) alichunguza kukua na kudhoofika kwa kanisa hilo katika maisha ya vijijini. Louise Pirouet (1978) aliwaweka wainjilisti Waafrika katikati ya historia ya uenezaji wa imani, naye Holger Bernt Hansen (1984) alichambua uhusiano wa misheni, kanisa na serikali ya kikoloni. Makala haya yanazisoma kazi hizo kwa swali moja tu, ambalo limetajwa katika anwani.

2.0 Kanuni ya Kujitegemea: Kutoka London hadi Mengo

Kanuni ya kujitegemea haikuzaliwa Buganda. Henry Venn, aliyekuwa katibu wa shirika la misheni la Kianglikana la CMS kuanzia 1841 hadi 1872, alifundisha kwamba lengo la misheni ni kuacha nyuma kanisa linalojitegemea, linalojitawala na linalojieneza lenyewe. Nguzo hizo tatu zilikusudiwa kusimama pamoja. Venn alitaka misheni iwe kama jukwaa la waashi, ambalo huondolewa nyumba ikishakamilika. Kuwekwa wakfu kwa Samuel Ajayi Crowther mwaka 1864 kuwa askofu wa kutumikia Afrika Magharibi kulikuwa tunda la fikra hiyo.

Tucker alipofika Mengo mwishoni mwa 1890 alikuta kanisa changa lililokwisha kupita katika moto. Mnamo Januari 1891 aliwapa walei sita wa Kiganda idhini rasmi ya kuwa wainjilisti. Mwaka 1893 aliwawekea mikono mashemasi wa kwanza, na 1896 makasisi wa kwanza. Tangu mwanzo alishikilia kwamba fedha za Uingereza zisitumike kuwalipa makasisi na walimu Waafrika, wala kujenga na kutunza makanisa yao. Chakula cha mwalimu, paa la kanisa na posho ya kasisi vilipaswa kutoka kwa waumini wenyewe. Tucker aliamini kwamba kanisa linalolishwa na mkono wa mgeni halitajifunza kusimama.

Isieleweke kwamba Uingereza haikutoa kitu. Ilitoa mishahara ya wamisionari, na ilichangia kazi ya tiba iliyoanzishwa na Albert Cook huko Mengo mwaka 1897. Tena, kampuni ya Kiingereza iliyoitawala Buganda ilipotangaza mwaka 1891 kwamba ingeondoka kwa kukosa fedha, marafiki wa CMS waliokusanyika London mwezi Oktoba waliahidi maelfu ya pauni papo hapo ili kampuni hiyo ibaki. Waliotoa walikusudia kuwalinda Wakristo wa Buganda. Lakini fedha zao zililipia pia kuendelea kuwapo kwa kampuni yenye silaha, na mnamo Januari 1892 silaha hizo ziliamua vita vya Mengo kwa manufaa ya Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki. Miaka miwili baadaye, 1894, Uingereza ilitangaza himaya yake. Tukio hili linatupa onyo la kimbinu mapema: moyo wa mtoaji na matokeo ya kutoa kwake ni mambo mawili, na kila moja linahitaji kuchunguzwa peke yake.

3.0 Kutoa Kabla ya Kushika Madaraka

Ili kuupima utoaji wa kipindi cha Tucker, ni lazima tuanze nyuma kidogo. Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika Buganda mwaka 1877, na Waganda wa kwanza wa Kianglikana walibatizwa 1882. Walioongoka waliitwa wasomaji, kwa kuwa kusoma na kuamini vilikwenda sambamba. Kwanza walisoma Injili za Kiswahili, lugha iliyokwisha kufika Mengo pamoja na misafara ya pwani. Baadaye walisoma kurasa za Kiganda zilizochapwa na Alexander Mackay. Vitabu viliuzwa, havikugawiwa bure. Msomaji alilipa kwa simbi, na kwa kijana mtumishi wa ikulu au mkulima hilo halikuwa jambo dogo.

Kwa msomaji wa miaka hiyo, imani haikuwa njia ya kupata cheo. Januari 1885 Kabaka Mwanga aliwaua vijana watatu wa misheni ya Kianglikana. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga, na tarehe 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja Namugongo. Katika mazingira hayo, kununua kitabu kwa simbi chache, kumficha mwenzako nyumbani au kumgawia mkimbizi chakula kulikuwa utoaji wenye gharama inayoweza kugeuka kuwa uhai. Hakuna chifu aliyeamuru sadaka hiyo. Mamlaka yote yaliikataza.

Kipindi hiki kinatupatia kipimo. Utoaji uliofanywa kinyume cha mamlaka hauna shaka ya kuwa wa hiari. Utoaji uliofanywa baada ya waumini wenyewe kuwa mamlaka unahitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi.

4.0 Machifu, Ardhi na Wapangaji

Baada ya 1892 hali iligeuka. Vyeo vingi vikubwa vya ufalme vilishikwa na machifu Waprotestanti, wakiongozwa na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Wengi wao walikuwa wasomaji wa miaka ya mateso, na hakuna sababu ya kutilia shaka imani yao. Walitoa viwanja vya makanisa, waliwapokea walimu katika maeneo yao, waliketi katika mabaraza ya kanisa na kuwahimiza watu wao wasome. Kwa kiasi kikubwa, kanuni ya Tucker ilifanikiwa kwa sababu ya machifu hao.

Lakini chifu wa Kiganda hakutoa kama mtu mmoja. Uhusiano wa zamani baina ya chifu na watu wake uliitwa kusenga: mtu alijiunga na chifu, akapewa ardhi ya kulima, naye akamtumikia kwa kazi na mazao. Chifu alitarajiwa kuwa mkarimu, na mtu asiyeridhika aliweza kuhama na kusenga kwa chifu mwingine. Uwezekano huo wa kuhama ndio uliomzuia chifu kudai kupita kiasi. Kwa hiyo chifu alipoamua kujenga kanisa, mianzi, nyasi na mikono vilitoka kwa watu wake, kama vilivyotoka wakati wa kujenga uzio wa boma lake. Sadaka ya chifu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya watu wake iliyopita mikononi mwake.

Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikaza fundo hilo. Takribani maili za mraba 8,000 ziligawiwa machifu na watu mashuhuri ziwe mali yao binafsi, na ardhi hiyo ikaja kuitwa mailo. Misheni tatu zilizokuwapo zilipewa maili za mraba 92 kwa jumla, ambazo zilishikwa pia kwa niaba ya makanisa ya wenyeji. Tangu hapo chifu akawa mwenye ardhi, mkulima akawa mpangaji, na kanisa lenyewe likawa miongoni mwa wenye ardhi. Mkataba huohuo uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na uliwaruhusu machifu kuwaita watu kwenye kazi ya barabara kwa muda usiozidi mwezi mmoja kwa mwaka.

Tuitazame sasa nyumba ya mpangaji wa miaka hiyo. Mkono wa kwanza uliomfikia ulikuwa wa serikali, ukidai rupia 3 au kazi badala yake. Wa pili ulikuwa wa mwenye ardhi, uliodai kodi ya shamba, iwe kwa fedha au kwa jasho. Wa tatu ulikuwa wa ufalme, uliomwita barabarani. Wa nne ulikuwa wa kanisa, ambao ulimwomba sadaka. Huo wa nne peke yake ndio uliokuja kwa maneno ya hiari. Lakini mara nyingi aliyesimamia mikono yote minne alikuwa mtu mmoja: chifu wa mahali, ambaye alikusanya kodi, alimiliki ardhi, aliita watu kazini na kuketi kiti cha mbele kanisani. Mpangaji aliyeombwa mchango na mtu huyo hakuwa katika nafasi ya mjane wa hekaluni, ambaye hakuna aliyemtaka chochote.

Ujenzi wa kanisa kuu la matofali juu ya kilima cha Namirembe, lililowekwa wakfu mwaka 1904, unaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Makundi makubwa ya watu, wanaume kwa wanawake, wenye vyeo na wasio na vyeo, yalibeba udongo na matofali kichwani kupanda kilima. Kwa Tucker ulikuwa ushahidi wa upendo wa waumini, na bila shaka upendo ulikuwapo. Lakini kubeba vifaa kwa makundi, kwa mwito wa wakuu, kulikuwa pia desturi ya kale ya kazi ya pamoja iliyoitwa bulungi bwansi, yaani kwa wema wa nchi. Katika msafara mmoja wa wabeba matofali waliweza kuwapo aliyekuja kwa furaha, aliyekuja kwa mazoea, na aliyekuja kwa sababu jina lake lingeitwa. Daftari la ujenzi linawahesabu wote kuwa watoaji. Radi ililiteketeza jengo hilo mwaka 1910, na lililopo leo liliwekwa wakfu 1919. Waliobeba matofali ya kwanza hawana jiwe lenye majina yao.

5.0 Walimu: Sadaka Isiyoingia Kapuni

Kundi la pili lililoubeba mzigo wa kujitegemea ni walimu wa kanisa. Mwishoni mwa 1893, baada ya mahubiri ya uamsho yaliyoongozwa na George Pilkington, Waganda wengi walijitolea kwenda kufundisha. Vibanda vya kusomea, vilivyoitwa masinagogi, vilienea mashambani, na kuanzia miaka hiyo walimu wa Kiganda walikwenda pia Toro, Bunyoro, Ankole na Busoga. Pirouet ameonyesha kwamba uenezaji wa imani katika maeneo hayo ulikuwa kwanza kazi yao, na wamisionari walifuata nyuma.

Walimu hao walipata posho ndogo. Nyumba na chakula chao vilitegemea wenyeji au chifu aliyewapokea. Katika miaka ya mwanzo tofauti kati ya maisha yao na ya majirani zao haikuwa kubwa. Lakini reli ilifika ziwani mwaka 1901, Kampuni ya Uganda iliundwa 1903 kutokana na kazi ya ufundi ya misheni, na mbegu za pamba zikaanza kugawiwa wakulima. Mtu aliyejua kusoma, kuandika na kuhesabu sasa aliweza kuajiriwa kuwa karani, mkalimani au mnunuzi wa pamba, akalipwa kwa rupia. Kila mwaka uliopita, bei ya kubaki mwalimu wa kanisa ilipanda. Mwalimu alitoa kapuni sarafu ileile aliyoitoa mkulima; juu yake alitoa pia mshahara ambao angeupata kwingine. Sehemu hii ya sadaka haionekani katika hesabu yoyote, kwa kuwa mshahara ambao haukulipwa hauna safu ya kuandikwa.

Apolo Kivebulaya ni mfano unaofahamika zaidi. Alibatizwa 1895 na mwaka huohuo akaenda Toro. Mwishoni mwa 1896 alivuka kwenda Mboga, eneo ambalo leo liko Ituri, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko alipambana na uhasama wa chifu, alituhumiwa kwa kifo ambacho hakukisababisha, na alifungwa. Alipoachiliwa alirudi palepale. Hakuoa, hakujilimbikizia ardhi katika nchi ambayo wenzake wa umri wake walikuwa wakigawiwa mailo, na alifia Mboga mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye misitu ya Kongo, badala ya kuelekea nyumbani Buganda. Emma Wild-Wood (2020) ameonyesha jinsi maisha yake yalivyoiunganisha mipaka ambayo ukoloni ulikuwa ukiichora.

Hata hivyo, si sahihi kumfanya Apolo mfano wa wote kisha kuwasahau wote. Alikumbukwa kwa sababu wamisionari waliandika habari zake. Walimu wengi walioishi kwa ndizi za majirani na kanzu moja hawakuandikiwa kitabu. Historia ya utoaji ikiishia kwa mtakatifu mmoja, inamgeuza kuwa pazia linalowafunika wenzake.

6.0 Kutoa bila Kauli

Swali la tatu linahusu kauli. Katika fikra ya Venn, kujitegemea na kujitawala ni ndugu wawili: anayelisha kanisa lake ndiye anayeliongoza. Tucker alilielewa hilo vizuri kuliko wamisionari wenzake wengi. Mwaka 1897 alipendekeza katiba ambayo ingewaweka wamisionari ndani ya kanisa la wenyeji, chini ya sinodi moja pamoja na makasisi na walei wa Kiganda. Wamisionari walio wengi walipinga. Hoja zao zilihusu ukomavu wa Waganda, lakini jambo lililokuwa mezani lilikuwa wazi: Mzungu angekuwa chini ya uamuzi wa baraza lenye Waafrika wengi.

Mvutano huo ulidumu zaidi ya miaka kumi. Katiba ilipopitishwa 1909, ilikuwa imelegezwa kiasi kwamba misheni iliendelea kushika mambo yake nje ya mamlaka ya sinodi. Kwa hiyo nguzo moja ilikwisha kusimamishwa, na nguzo ya pili ikabaki nusu. Waganda waliwalipa makasisi wao, wakajenga makanisa yao na kuwapeleka walimu wao mbali; lakini uamuzi mkubwa kuhusu elimu ya juu, ardhi ya misheni na uongozi wa jimbo uliendelea kutegemea kwa kiasi kikubwa watu ambao hawakulishwa na kapu la sadaka.

Hapa ndipo panapostahili kutofautishwa mambo matatu ambayo lugha ya kanisa huyaweka chini ya neno moja. Sadaka ni kitu kinachotolewa na mtu aliye huru, kutoka katika kilicho chake. Mchango ni kitu kinachotolewa na mwanajumuiya kwa ajili ya jambo ambalo ana sauti katika kuliamua. Kodi ni kitu kinachotolewa na mtu asiye na nafasi ya kukataa wala ya kuamua. Mpangaji wa Buganda aliombwa kwa lugha ya kwanza, akaahidiwa heshima ya pili, lakini mazingira yake yalimsogeza kwenye ya tatu. Hilo halimaanishi kwamba moyo wake haukuwa na sadaka. Linamaanisha kwamba, kama aliutoa moyo huo, aliutoa juu ya yote aliyokwisha kudaiwa; na kwa kipimo cha Injili yenyewe, sadaka ya namna hiyo ni kubwa kuliko ya chifu aliyetoa kiwanja.

Inafaa kuongeza kwamba waumini wenyewe hawakuwa vipofu kuhusu jambo hili. Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambao wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, ulisisitiza kwamba mtu aliyetubu arudishe alichoiba au alichokipata kwa hila. Msisitizo huo uligusa sharti la pili lililotajwa mwanzoni: kabla ya kuuliza mtu ametoa kiasi gani, ulizeni kama anachokitoa ni chake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kujitegemea kwa Kanisa la Kianglikana la Buganda kati ya 1890 na 1911 kulikuwa kweli, na kwamba kulijengwa kwa kujinyima. Hata hivyo, kujinyima huko hakukugawanyika sawa. Machifu walitoa kutoka katika wingi ambao Mkataba wa 1900 ulikuwa umeuongeza. Wakulima wapangaji walitoa kutoka katika kilichobaki baada ya madai ya serikali, ya mwenye ardhi na ya ufalme. Walimu walitoa miaka yao ya kazi kwa posho ndogo, huku soko jipya likiwaita. Wakati huohuo, mamlaka juu ya kanisa hayakuwafuata waliolilisha.

Matokeo haya yana maana kwa utafiti wa historia ya makanisa ya Afrika Mashariki. Vitabu vya hesabu za makanisa vinapotumika kuwa ushahidi wa ukarimu, visisomwe bila kumbukumbu za kodi, za ardhi na za mishahara za mahali hapohapo. Kiasi kilichoingia kapuni hakimwelezi mtoaji mpaka tujue alibaki na nini, nani alisimama mbele yake alipotoa, na kama siku ya kupanga matumizi aliitwa.

Methali tuliyoanza nayo inabaki kuwa kweli: kutoa ni moyo. Lakini moyo huo ulikuwa wa watu mahususi, waliokuwa na mashamba, watoto na madeni. Kuutambua si kuipunguzia sadaka ya Buganda thamani yake, bali ni kuirudisha kwa wenyewe.